Mwaka Niliofundisha Neno "Unfortunately"

Solange hakupiga simu. Namba yangu anayo, na siku hizi Brussels nzima watu wanapeana habari kwa simu, za harusi, za ubatizo, za nani kamwacha nani, tena kwa sauti na picha. Yeye alikuja mwenyewe kwangu Uccle, saa nane mchana, pamoja na mwanamke mwingine wa kanisani kwao ambaye sikuwa namjua, wote wawili wamejifunga vitenge juu ya makoti. Nilipofungua mlango aliniomba kwanza nizime jiko. Kisha akaniomba nikae. Yule mwenzake hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu, nikahisi viganja vyake karibu na mabega yangu, bado havijanigusa. Hapo nilishajua. Mtu mwingine angesema, jamani semeni basi, mnanitia presha. Mimi nilimwacha binti wa watu afanye kazi yake mpaka mwisho, maana najua inavyofanywa, na najua nilijifunzia kwa nani. "Maman Mwalimu," alisema, "tantine yangu, Maman Odile, alikufa leo asubui." Vile viganja vikatua mabegani. Nililia kama mtoto, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tano, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Tumeshazika. Nguo nyeusi nimezifua nimezikunja. Wiki mbili hizi nimekuwa nikipika vitu nisivyovila, na kila nikikaa akili inarudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa nikipanda tramu kila Jumanne na Alhamisi kutoka huku kwenye miti na kimya hadi Porte de Namur, kisha kwa miguu Chaussée de Wavre, begani nimebeba kamusi nzito kuliko mtoto mchanga. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo mwanzo ya elfu mbili, kabla simu hazijawa na akili kuliko wenyewe. Mume wangu ndiye aliyekuwa na kazi iliyotuleta. Mimi nilikuwa nimeacha darasa la watoto arobaini na tano nyumbani, nikaja kukaa kwenye sebule yenye zulia, nasubiri mtu arudi jioni aniulize leo umefanya nini. Wanaoijua hali hiyo wanaijua. Nilikuwa nataabika kwa kukosa wa kumfundisha. Nilisoma mpaka maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni.

Maman Odile alinikamata dukani, siwezi kusema vingine. Nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la vyakula pale Matonge, mtaa wa Wakongo, nimeshika samaki wakavu na unga, nasalimiana na muuzaji kwa Kiswahili, simu ikaita nikaongea Kiingereza na rafiki yangu Mkenya. Nilipotoka nilimkuta ananisubiri kando ya mlango, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, kiti cha ofisi kimefungwa mgongoni kwa kamba. Alikuwa amekiokota kikiwa kimetupwa. "Weye unajua Kingereza?" aliniuliza bila salamu. Nikamwambia ndiyo mama, ndiyo kazi yangu. "Kazi ya kufundisha?" Ya kufundisha. "Bon," akasema, "utanifundisha." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkono wa koti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hahitaji Kiingereza chote, hana umri huo. "Naomba kidogo tu, mwalimu. Ya kuuliza mutoto yangu iko wapi."

Mtoto mwenyewe aliitwa Guy. Alikuwa amevuka kwenda Uingereza karibu miaka miwili nyuma, bila makaratasi, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa kutoka nyumba ya vyumba vya kupanga katika mji mmoja wa kaskazini. Kisha Jumapili moja hakupiga. Na ya pili. Mama yake alipopiga namba ile, walipokea watu waliosema maneno asiyoyajua, wakakata. Nilimwambia siku ileile, nipe namba, nipige sasa hivi, dakika moja. Alikataa. Akasema muntu wa mbali akiuliza, tena kwa Kiingereza kizuri kama changu, watadhani ni polisi, watasema hawamjui. Mama akiuliza mwenyewe, hata kwa Kiingereza kilichovunjika, watasikia ni mama. Sababu ya pili aliificha, nikaja kuijua baadaye: hakutaka Matonge ijue kwamba Guy hajulikani alipo.

Tulisomea jikoni kwake, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye michoro ya malimau, na penye kona ya kila mtu wino ulikuwa umeingia usitoke. Soksi zilianikwa juu ya kipasha joto. Dirisha liliangalia ua wa nyuma, na chini yake ulikuwa mlango wa nyuma wa saluni, ambako wasusi walitoka kuvuta pumzi na kusema watu. Sauti zao zilipanda moja kwa moja mpaka kwetu, Kilingala kikichanganyika na Kiswahili cha Lubumbashi. Siku moja tukiwa katikati ya hesabu za saa, tulisikia mmoja akisema, "Na ule mutoto wa Maman Odile, wa ku Angleterre? Hatumusikie tena." Mwingine akajibu kwamba watoto wakipata wazungu wanasahau mama. Maman Odile aliinuka akafunga dirisha taratibu, akarudi akakaa, akaniambia, "Sema tena, mwalimu. Half past." Jasho lilimtoka puani, lakini saa zote alizisema sawasawa.

Malipo yangu yalikuwa chakula. Alikuwa anasafisha maofisi tangu saa kumi na moja alfajiri, akirudi anapika, kwa hiyo nikifika saa tisa nakuta sufuria imefunikwa kwa taulo: ugali, ambao wao wanauita bukari, na mboga za lengalenga, na samaki wa chumvi. Sheria yake ilikuwa kwamba tunakula baada ya somo, si kabla, shibe inaleta usingizi. Mimi nilikuwa na sheria yangu pia. Mwanafunzi anasoma kwanza. Karatasi yoyote iliyoandikwa Kiingereza ikiletwa mezani, mwalimu haiangalii, haichungulii, anakaa mikono mapajani mpaka mwanafunzi aipitie neno kwa neno kwa mdomo wake. Nilifundishwa hivyo chuoni, na niliishika kama mtu anavyoshika dini. Nilikuwa nikisema, mwalimu anayekusomea anakuibia. Maman Odile alipenda sana maneno hayo. Aliyarudia kwa majirani kana kwamba yako kwenye Biblia.

Na nilikuwa na ugonjwa wangu, ninaukiri. Neno likinipendeza siwezi kulipita. Nitalisimamisha njiani nilihoji, wewe ni wa ukoo gani, ulitoka wapi, ulifikaje huku. Wanafunzi wangu wa nyumbani walijua kwamba wakitaka kuua kipindi wanichokoze na asili ya neno moja tu. Maman Odile naye alikuwa na uvumilivu wa kunisikiliza, na polepole akaanza kuonja utamu wenyewe. Hasa aliyapenda yale maneno ya kusema tendo limefanywaje, yanayoishia na herufi mbili zilezile. Aliyaona kwenye vibao vya maofisini anakosafisha: funga mlango taratibu, beba kwa uangalifu. "Leo niliona mwingine wa bale ba ly," angeniambia kabla sijavua koti, na ananionyesha alivyolinakili nyuma ya risiti. Nilimwambia sisi tungesema polepole, mbiombio, tunalirudia neno mara mbili, basi. Akasema Waingereza wako na haraka, hawataki kurudia.

Mwezi wa kumi na moja ile namba ya simu ilikatika kabisa. Tukaamua kuandika barua. Nasema tukaamua, lakini aliandika yeye. Mimi nilikuwa wa tahajia tu. Mistari mitano ilituchukua Alhamisi mbili. Mimi ni mama wa Guy. Ninamtafuta. Anaishi hapo? Ni mzima? Tafadhali nijibuni. Aliandika kwa kalamu ya wino wa bluu, akakosea, akaanza upya, karatasi ya sita ndiyo ilikwenda. Tulipoitumbukiza kwenye sanduku la posta alibaki ameshika mdomo wa lile sanduku kwa muda, watu wanatupita. Baada ya hapo kila nikifika nilikuwa nauliza kwa macho, na yeye anajibu kwa kutikisa kichwa, tunafungua daftari. Krismasi ikapita. Tukajifunza vitenzi vya wakati uliopita, orodha ndefu, kwenda, kuja, kula, kulala, kufa. Aliviimba vyote kama mtoto wa shule huku akikoroga sufuria.

Jibu lilifika Februari. Nakumbuka mvua ya barafu, na nakumbuka kwamba alipofungua mlango alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kujipaka mafuta usoni. Bahasha ilikuwa mezani, juu ya malimau, haijafunguliwa. Ilikuwa imefika Jumanne jioni baada ya mimi kuondoka. "Niliiacha," aliniambia. "Nikasema, hapana, tutaisoma na mwalimu. Nitaisoma miye mwenyewe na utasikia." Alilala na bahasha ile chumba kimoja siku mbili, anakwenda kazini anarudi, asiifungue, kwa heshima ya sheria yangu. Natamani ningeweza kusema kwamba hapo moyo wangu ulishtuka. Haukushtuka. Nilifurahi. Nilijisikia mwalimu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilikaa, nikaweka mikono mapajani.

Alifungua kwa kisu cha mboga. Karatasi moja, imepigwa chapa, upande mmoja tu. Aliweka kidole. Akasoma salamu. Akasoma shukrani ya barua yake, na hapo akatabasamu, kwamba kumbe barua yake ilisomeka. Kisha kidole kikagota. "Un," akasema. "Un-for." Akajaribu tena, akashindwa, akageuza karatasi kidogo upande wangu, nami nikaliona neno lenyewe, hilo tu, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimefunika yaliyobaki. Unfortunately. Herufi kumi na tatu na ly mwishoni. Mungu anisamehe, nililikaribisha kama mgeni niliyemsubiri mwaka mzima.

Tulilikata pingili pingili kama muwa. Nilimwambia un ni bila, ni kinyume. Katikati kuna neno unalolijua kwa Kifaransa, fortune, na hilo lilitoka kwa Warumi wa kale, ambao walikuwa na mungu wa kike wa bahati, wakimchora ameshika gurudumu, anampandisha huyu na kumshusha yule bila kumtazama mtu usoni. Nilimwambia na huo mkia wa ly, Mama Odile, unaoupenda, zamani ulikuwa neno zima linalojitegemea. Maana yake mwili, umbo la mtu. Na neno hilohilo lilitumika hata kwa mwili wa marehemu, mpaka leo kuna makanisa ya zamani kule yenye lango lililobeba jina hilo, la kupitishia jeneza. Nilisema hayo yote. Nilifungua kamusi kumwonyesha. Yeye aliitikia kwa kichwa, kidole bado kimekaa pale pale kwenye karatasi, hakikusogea hata nukta. Nilimweleza na matumizi, kwamba neno hili kazi yake ni kutangulia, linawekwa mwanzoni kabisa, halimtaji aliyetenda, linasema mambo yamekuwa hivyo na hakuna mwenye kosa, ndiyo maana maofisi yanalipenda. Likikaa mbele, masikio yanajiandaa.

"Donc inabisha hodi," alisema Maman Odile. Nikamwambia kabisa, umelipata, ni neno la hodi. Akafikiri kidogo. "Na ku mulango iko nani?" Nikamwambia, labda wanasema Guy amehama, hawajui alikoenda, usiwe na wasiwasi, kuhama ni jambo la kawaida. "Soma tuone," nikasema. Nilikuwa naweza kuichukua ile karatasi. Ilikuwa umbali wa sahani. Mtu yeyote aliyelelewa na watu, akiona neno kama lile kwenye barua ya mama anayemtafuta mwanawe, angeichukua karatasi ile, akaisoma kimya, akaikunja, akasema mama hebu ngoja kidogo natoka narudi, akaenda kutafuta wakubwa. Mimi nilisema soma.

Akasoma. Jina la mwanawe alilisoma kwa Kifaransa, kama alivyolitoa mwenyewe. Neno lililofuata lilikuwa fupi, lile la mwisho kwenye orodha yetu ya vitenzi, kufa katika wakati uliopita, na hakugota. Akaendelea, hospitalini, mwezi wa kumi, baada ya kuugua siku chache. Hakukosea hata silabi. Kisha akainua macho akanitazama, kama alivyozoea kila akimaliza sentensi nzima bila msaada. Na mimi, mdomo wangu ulishakuwa mbele ya akili, nikamwambia, "Vizuri. Vizuri sana, Mama Odile."

Sijui aliinua macho kutafuta sifa, kwa mazoea, au aliniinulia macho nimwambie kwamba amesoma vibaya. Miaka yote hii sijui, na sikuwahi kumuuliza. Nilipoelewa niliyoyasikia na niliyoyasema, yeye alikuwa amerudi kwenye karatasi na kidole chake, anasoma mstari baada ya mstari: kwamba walizika wao kwa kuwa hawakuwa na anwani ya ndugu, kwamba kuna mfuko wa nguo, jina la msimamizi wa nyumba, wako mwaminifu. Alisoma mpaka wako mwaminifu. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaondoa kamusi mezani, akafunua sufuria. "Tukule," alisema. "Bukari inapoa." Alinipakulia. Nililiona tonge limo mkononi mwangu na sikujua nilipeleke wapi. Chini uani wasusi walikuwa wanacheka jambo lao.

Nilirudi Uccle nikamwambia mume wangu. Si mtu wa maneno mengi. Alivua miwani. "Yaani umempa mama msiba wa mwanawe, peke yake, jikoni," alisema, "kama zoezi?" Nikajitetea kwamba sheria, kwamba sikuchungulia. Alinikatiza kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali. Akanikumbusha jinsi watu wa kwetu wanavyofanya, kwamba hata msafiri wa mbali haambiwi kafiwa, anaambiwa fulani kazidiwa njoo, na njiani anaanza kuelewa mwenyewe, na akifika anakuta mikono imeshanyoshwa. Mambo hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Kumbe nilikuwa nimeyaweka upande, nimebaki na kamusi. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokukosesha usingizi na hamu ya kujitazama kwenye kioo.

Jumanne nilikwenda nikitegemea kukuta mlango wazi na nyumba imejaa. Nilikuta ngazi kimya. Alifungua mwenyewe, amevaa nguo za kazi, daftari liko mezani, penseli imechongwa. "Tunaendelea, mwalimu?" Alikuwa amekwenda kazini kila siku. Hakuwa amemwambia mtu, hata Solange mpwa wake, hata shemeji yake. Hakuwa amelia. Nilimwambia, Mama Odile, tuache masomo. Akakaa, akanieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza fundi kasoro ya bomba. "Minaisoma kila siku. Minajua inasema nini. Lakini minaona herufi tu. Haina kuniingia ku roho, mwalimu. Ni kama masomo. Minangoya machozi, hayakuye." Akaniuliza kama hiyo ni dhambi. Alikuwa anaogopa, niliona. Aliogopa kwamba mwanawe atabaki hivyo, bila kuliliwa na mama yake, kwenye udongo wa watu asiowajua. Na mimi ndiye niliyemfungia mlango huo.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa Papa Anselme. Alikuwa kaka wa marehemu mume wa Maman Odile, mzee mrefu, karani wa zamani wa reli huko Lubumbashi, aliyekaa mitaa miwili nyuma. Nilimkuta anapiga viatu rangi, gazeti limetandikwa sakafuni, jozi nne kwenye mstari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Ile vizuri sana pia nilimweleza, nikasema nisifiche. Mkono wake wa brashi ulisimama mara moja tu, nilipotaja kufa kwa Guy, kisha akakivua kiatu mkononi akakiweka chini. Nilitegemea anitoze ile wanayoiita amende, faini ya mtu aliyewakosea wakubwa, na ningeitoa nikishukuru. Hakuitaja. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, rangi nyeusi ikamchafua shavu. "Lile habari haliyafika," alisema.

Nikamwambia imefika, Papa, aliisoma mwenyewe. "Karatasi njo ilifika," akasema. "Lufu, kifo yenyewe, hailetwake na karatasi. Inaletwa na muntu, na mudomo yake, mu luga ya nyumba, na bantu bako karibu ya kumushika. Kama haiko vile, mama atatembea nayo inje ya mwili mpaka atakufa." Akaniangalia sasa, kwa mara ya kwanza. "Weye uliivunja. Weye utaileta. Samedi, saa nane."

Jumamosi nilifika kwake mapema. Viti vilikuwa vimesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, televisheni imefunikwa shuka. Wanawake walikuwa wengi, Solange akiwemo, wote wameshaambiwa na wote wamekaa kama hawajui, mikono mapajani. Papa Anselme mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Nilimsikia akisema, "Odile, kuya ku nyumba. Guy iko mugonjwa sana." Sijui kilipita nini upande wa pili wa ile simu, kwa mama aliyekuwa na barua ndani ya mfuko wa koti. Nilidhani atasema, shemeji, mbona najua. Papa Anselme alisikiliza, akaitikia, akaweka simu chini. "Anasema anafunga kitenge, anakuya," alituambia.

Aliingia ameinamisha kichwa. Walimkalisha mkekani, wanawake wawili kila mmoja upande wake, mikono yake wameikumbatia. Papa Anselme alinionyesha mahali pa kupiga magoti, mbele yake, karibu mpaka magoti yetu yalitaka kugusana. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, kwa Kiswahili safi, na nilipofungua mdomo kilitoka kile kilichozoea kutangulia. "Mama Odile," nilisema, "kwa bahati mbaya..."

"Hapana," alisema Papa Anselme. Hakupaza sauti. "Bahati haikumuzaa. Bahati haiko hapa mu nyumba. Anza na jina yake."

Nilianza tena. Nilitaka kushika kitu na sikuwa na kitu, wala kamusi, wala kalamu, wala neno la kuweka mbele. "Guy," nilisema. "Guy, mtoto wako. Amekufa."

Maman Odile aliniangalia. "Guy gani?" aliuliza, polepole, kama mtu asiyejua kitu.

"Guy wako, Mama."

"Wangu?"

"Wako."

Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kabla na sijaisikia tena. Wanawake wote wakaipokea, nyumba ikajaa, mtaani watu walisimama, Matonge nzima ikajua, na yeye hakujali tena kwamba wanajua. Wale wawili walikuwa wamemshika sawasawa kama walivyopangwa, lakini alijinasua mikononi mwao. Aliniangukia mimi, kwa uzito wake wote, mdomo wake shingoni mwangu, ananiita mwanangu, ananiita Guy, ananipiga mgongoni kwa ngumi na hapohapo ananishikilia nisiondoke. Sikuondoka.